Mpaka wa Ujumbe: Kuimarisha Mawasiliano ya Mfuatano baina ya Maikrokontrola na Skripti ya Kompyuta katika Utafiti wa Fonetiki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna maikrokontrola ya bei nafuu inavyowasiliana na skripti ya kompyuta kwa njia ya mfuatano, na namna mawasiliano hayo yanavyoweza kuimarishwa ili data itokanayo nayo ifae kwa utafiti wa lugha. Hoja kuu ni kwamba waya hupeleka baiti, haupeleki ujumbe. Mpaka wa ujumbe, nafasi yake katika mfuatano na uthibitisho wa uzima wake ni mambo ambayo pande mbili hazina budi kukubaliana kabla ya kuzungumza. Kuongeza kasi peke yake hakuwezi kuziba pengo la makubaliano hayo. Mfano unaotumiwa ni upimaji wa mgandamizo wa hewa puani na mdomoni wakati wa kutamka nazali za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Upimaji wa fonetiki huhitaji vyombo, na vyombo hugharimu fedha. Idara isiyo na fedha hizo hulazimika kutegemea sikio la mtafiti, hata pale ambapo swali lenyewe ni la milisekunde. Tangu mwaka 2005, wakati mradi wa Arduino ulipoanzishwa katika mji wa Ivrea nchini Italia kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu, hali hii imeanza kubadilika. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, imekuwa chombo ambacho mtu asiye mhandisi anaweza kukiunganisha na vihisi, akakiandikia programu fupi, na kukifanya kipeleke vipimo kwenye kompyuta kwa kebo ya USB. Katika kompyuta, skripti iliyoandikwa kwa lugha ya Python hupokea vipimo hivyo na kuvihifadhi.

Chukua swali moja la fonolojia ya Kiswahili. Katika neno mbwa, nazali ya mwanzo huhesabiwa kuwa silabi kamili na hubeba mkazo, kwa kuwa mzizi unaoifuata ni wa silabi moja. Katika neno mbuzi, nazali huungana na konsonanti inayoifuata na haiwi silabi. Je, tofauti hiyo ya kifonolojia inaonekana katika muda ambao hewa hupita puani? Vihisi viwili vya mgandamizo wa hewa, kimoja cha pua na kimoja cha mdomo, vikisomwa mara 200 kwa sekunde, vitatoa kipimo kila baada ya milisekunde 5, na mtafiti ataweza kuanza kulijibu swali hilo.

Jibu hilo, hata hivyo, litakuwa la kweli ikiwa tu vipimo vimefika vyote, kwa wakati wake na bila kuharibika. Hapo ndipo penye hatari. Chombo kilichokatika waya hujitangaza chenyewe kwa kunyamaza. Mawasiliano dhaifu hayanyamazi, bali huendelea kutoa tarakimu zenye sura ya ukweli. Makala haya yanaeleza udhaifu huo unatoka wapi na unaondolewaje. Takwimu za chombo zinazotolewa ni za Arduino Uno hadi toleo lake la tatu, lenye chipu ya ATmega328P. Mbao nyingine hutofautiana nayo katika baadhi ya mambo, kama itakavyoonyeshwa.

2.0 Misingi ya mawasiliano ya mfuatano

2.1 Biti, baiti na fremu

Mawasiliano huitwa ya mfuatano kwa sababu biti hupita moja baada ya nyingine katika waya mmoja, kama foni zinavyofuatana katika usemi. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Jina la kipimo chake, baudi, linamkumbuka Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza ya mfumo wake wa simu ya maandishi mwaka 1874. Kutoka katika mashine za simu za maandishi za baadaye ulirithiwa pia utaratibu wa kuanza na kukoma, ambao ungali unatumika. Waya ukiwa kimya hubaki katika hali ya 1. Mtumaji akitaka kusema hutanguliza biti moja ya 0 kama ishara ya kuanza, kisha hutuma biti 8 za data, na kumalizia kwa biti moja ya 1 kama ishara ya kukoma. Jumla ni biti 10 kwa kila baiti, na kifungu hicho huitwa fremu.

Hakuna waya wa tatu unaopeleka mapigo ya saa. Kila upande hutumia saa yake, na mpokeaji huirekebisha hesabu yake upya kila aonapo ishara ya kuanza. Kwa hiyo, tofauti ndogo ya saa huvumilika, kwani hulimbikizana katika biti 10 tu. Saa ya Arduino Uno hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, na kwa kuwa idadi hiyo haigawanyiki vizuri kwa baudi 115,200, kasi halisi inayopatikana ni takriban 117,647, yaani zaidi kwa asilimia 2.1. Kosa hilo liko mpakani mwa kuvumilika. Kwa baudi 250,000, mgawanyo hauachi baki na kosa ni sifuri. Kasi iliyo kubwa zaidi huweza basi kuwa salama zaidi kuliko ile iliyozoeleka.

2.2 Kasi na hesabu yake

Mifano mingi ya kufundishia Arduino hutumia baudi 9600. Kasi hiyo ni baiti 960 kwa sekunde. Sasa chukua mstari mmoja wa vipimo ulioandikwa kama matini:

(1) 48210,512,487

Tarakimu za kwanza ni wakati kwa milisekunde, za pili ni kipimo cha pua na za tatu ni kipimo cha mdomo. Vipimo vya Uno huwa kati ya 0 na 1023. Mstari huu una alama 13, na amri ya kawaida ya kuandika mstari huongeza alama mbili za kumaliza, hivyo jumla ni baiti 15. Kwa baudi 9600, mistari inayoweza kupita ni 64 tu kwa sekunde, ilhali utafiti unahitaji 200.

Swali linalofuata ni la maana: mistari inayozidi huenda wapi? Maikrokontrola ina bafa, yaani mahali pa kuweka data kwa muda, yenye nafasi ya baiti 64 kwa zinazosubiri kutoka. Bafa ikijaa, amri ya kuandika husimamisha programu nzima hadi nafasi ipatikane. Matokeo yake ni kwamba chombo hakipotezi mstari wowote, bali huacha kupima kwa wakati. Kipimo kilichotakiwa kila baada ya milisekunde 5 huchukuliwa kila baada ya takriban milisekunde 16. Ikiwa mtafiti ameamini kwamba mistari yake imepishana kwa milisekunde 5, na hakuweka wakati ndani ya mstari, kila urefu wa nazali atakaouhesabu utakuwa chini ya theluthi moja ya urefu halisi. Hakuna tahadhari yoyote itakayotokea.

Kwa baudi 115,200 mistari 768 ya namna hii huweza kupita kwa sekunde, na tatizo hili mahususi hutoweka. Hesabu hiyo haina budi kufanywa kabla ya jaribio: idadi ya baiti katika mstari, mara idadi ya mistari kwa sekunde, mara 10. Zao hilo likikaribia kasi ya baudi, mpango ubadilishwe.

3.0 Baiti si ujumbe

Wengi huishia hapo kwa kudhani kwamba kasi ilikuwa tatizo lote. Tatizo la msingi zaidi ni la mipaka. Mkondo wa baiti hauna maneno, kama vile mkondo wa usemi usivyo na nafasi kati ya neno na neno. Mfuatano ufuatao waweza kugawanywa kwa njia mbili:

(2) mamanajua
 (a) mama na jua
 (b) mama, najua

Msikilizaji huamua kwa kiimbo na muktadha. Skripti haina kiimbo wala muktadha. Ikipokea tarakimu 1023 bila kikomo, haiwezi kujua kama ni kipimo kimoja, au ni 102 na 3, au 10 na 23.

Kuweka mkato na mwisho wa mstari, kama katika mfano (1), huondoa utata huo katika hali ya kawaida. Lakini skripti huweza kufungua mlango wa mawasiliano wakati mstari umefika katikati, au bafa ya kupokea huweza kufurika na kuacha baiti chache. Linganisha mistari mitatu:

(3) (a) 48210,512,487
 (b) 0,512,487
 (c) 48210,12,487

Mstari (3a) ni kamili. Mstari (3b) umepoteza tarakimu nne za mwanzo, na (3c) umepoteza tarakimu moja ya katikati. Yote mitatu ina sehemu tatu, na yote mitatu ina namba zinazokubalika. Mstari (3b) huenda ukashukiwa kwa sababu ya wakati wake. Mstari (3c) hauna dosari yoyote ya kisarufi. Ni sentensi sahihi isemayo uongo. Katika grafu utaonekana kama mshuko wa ghafla wa hewa ya pua, na mtafiti aweza kuutafsiri kuwa ndio mpaka kati ya nazali na kipasuo kinachoifuata.

4.0 Kuunda ujumbe unaojithibitisha

4.1 Nambari na wakati

Hatua ya kwanza ni kuupa kila ujumbe nambari yake, kuanzia 0 hadi 255 kisha kurudi 0. Skripti ikipokea ujumbe wa 214 na kufuatiwa na wa 217, inajua kwamba viwili vimepotea. Kwa vipimo 200 kwa sekunde, mzunguko wa nambari hukamilika kwa sekunde 1.28, hivyo pengo refu zaidi hugunduliwa kwa kuulinganisha wakati.

Wakati nao uandikwe na maikrokontrola penyewe kipimo kinapochukuliwa. Kuandika wakati ambao mstari umefika kwenye kompyuta ni kosa la kimbinu. Baiti zipitazo USB husafiri kwa mafungu, na mfumo endeshi huzikabidhi kwa skripti pale upatapo nafasi. Katika mbao zinazotumia chipu ya FTDI, kwa mfano, data chache huweza kusubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kupelekwa, isipokuwa mpangilio huo ukibadilishwa. Vipimo vitatu vilivyopishana kwa milisekunde 5 huweza basi kufika kana kwamba vilichukuliwa pamoja.

4.2 Jumla ya uhakiki

Hatua ya pili ni kuongeza mwishoni alama inayokokotolewa kutokana na ujumbe wote. Mtumaji huikokotoa na kuiandika. Mpokeaji huikokotoa upya na kulinganisha. Njia rahisi ni kulinganisha baiti biti kwa biti, ambapo biti zinazofanana hutoa 0 na zinazotofautiana hutoa 1. Kwa njia hiyo ujumbe wetu wa mfano huwa hivi, jumla ikiandikwa katika namba za msingi wa 16:

(4) 214,48210,512,487*29

Tarakimu 5 ikipotea, kama ilivyotokea katika (3c), jumla inayopatikana ni 1C na si 29. Ujumbe hukataliwa, na uongo uliokuwa umevaa vazi la ukweli hubainika.

Njia hii ina udhaifu ambao mwanaisimu atautambua mara moja: haijali mpangilio. Kipimo 512 kikigeuka 521, jumla hubaki 29, kama vile herufi za pika na kipa zilivyo zilezile. Pale usahihi unapohitajika zaidi hutumiwa uhakiki wa mgawanyo, ujulikanao kwa kifupi CRC, ambao huuchukulia ujumbe wote kama namba moja ndefu, huigawanya, na kulihifadhi baki. Baki hilo hubadilika mpangilio ukibadilika. CRC ya biti 16 hugundua kila mfululizo wa makosa usiozidi biti 16. Kuikokotoa huchukua mistari michache ya programu.

4.3 Matini au baiti ghafi

Ujumbe (4), pamoja na alama za kumaliza mstari, una baiti 22. Vipimo 200 kwa sekunde vitahitaji baiti 4,400, ambazo ni chini ya sehemu mbili za tano za uwezo wa baudi 115,200, yaani takriban asilimia 38. Kwa mahitaji haya, matini yanatosha, na yana faida kubwa kwamba binadamu huweza kuyasoma na kuyakagua kwa macho.

Vihisi vikiongezeka, huweza kutumwa baiti ghafi. Nambari huchukua baiti 1, wakati baiti 4, kila kipimo baiti 2, na CRC baiti 2, jumla 11. Hapo huzuka masuala mawili. La kwanza ni mpangilio wa baiti ndani ya namba. Kiswahili husema ishirini na saba, Kiarabu husema saba na ishirini. Namba ni moja, lakini asikiaye kwa utaratibu wa mwingine atakosea. Programu za Uno huhifadhi sehemu ndogo ya namba kwanza, na skripti haina budi kuambiwa hivyo waziwazi. La pili ni kwamba baiti yoyote huweza kuwa sehemu ya kipimo, hivyo hakuna iliyo huru kutumika kama kikomo. Suluhisho zuri ni mbinu ya COBS, iliyochapishwa na Stuart Cheshire na Mary Baker mwaka 1997. Mbinu hii huuandika ujumbe upya ili baiti ya sifuri isitokee ndani yake kamwe, na kuiacha sifuri iwe kikomo. Kwa ujumbe mfupi, gharama ni baiti moja tu. Jumla huwa baiti 13 badala ya 22.

Tahadhari moja inawahusu hasa watafiti wa Kiswahili wanaotuma maneno ya jaribio pamoja na vipimo. Baiti na herufi si kitu kimoja. Katika usimbaji wa UTF-8, neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka lina baiti 7. Likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, lina baiti 9. Alama ya kifonetiki ŋ ina baiti 2. Skripti inayohesabu herufi na maikrokontrola inayohesabu baiti zitatofautiana kimyakimya. Ni salama zaidi kutuma nambari ya neno na kuacha orodha ya maneno yenyewe katika kompyuta.

5.0 Hodi na karibu

Mazungumzo huhitaji ufunguzi. Skripti ifunguapo mlango wa mawasiliano, Arduino Uno hujizima na kujiwasha upya, na kwa sekunde moja au mbili haisikii lolote. Amri iliyotumwa katika kipindi hicho hupotea. Dawa iliyoenea ni kuiamuru skripti isubiri sekunde mbili. Dawa hiyo hufaa kwa bahati, kwani mbao nyingine, mfano Leonardo ya mwaka 2012, haziwashwi upya kwa kufunguliwa mlango, na nyingine huchukua muda tofauti.

Utaratibu ulio imara zaidi ni ule ambao kila mjuzi wa mila za Waswahili anaufahamu. Mgeni hupiga hodi, husubiri, hupiga tena, na haingii mpaka aitikiwe. Skripti itume neno HODI kila baada ya nusu sekunde hadi ipate KARIBU. Katika kuitikia, maikrokontrola itaje toleo la programu yake na kasi ya upimaji, ili skripti ijiridhishe kwamba zote mbili zinatumia makubaliano yaleyale. Kisha skripti iamuru upimaji uanze. Baada ya majaribio kadhaa bila jibu, iache na itoe taarifa ya kushindwa, isisubiri milele.

6.0 Upande wa skripti

Makosa mengi hulaumiwa chombo ilhali chanzo ni skripti. Mambo manne yafaa kuzingatiwa. Kwanza, kila usomaji uwekewe kikomo cha muda, ili waya uliochomoka usiigandishe skripti. Pili, amri ya kusoma mstari katika maktaba ya pySerial kwa kawaida huchukua baiti mojamoja, jambo linaloichelewesha. Ni bora kuchukua baiti zote zilizokwisha kufika kwa pamoja, kuziongeza kwenye akiba, kisha kukata ujumbe kamili na kuacha kipande kilichosalia kisubiri mwenziwe. Tatu, kazi nzito kama kuchora grafu isifanywe katika mkondo uleule wa kupokea, kwa kuwa skripti inayochora haisikilizi. Nne, ujumbe uliokataliwa usitupwe bila kuhesabiwa. Uandikwe katika faili la pembeni pamoja na sababu ya kukataliwa.

7.0 Kulijaribu daraja kabla ya kulivuka

Mfumo usijaribiwe kwa vipimo vya kweli, kwani ukweli wake haujulikani. Kwanza maikrokontrola itume namba zinazopanda kwa mpango unaojulikana, na skripti ithibitishe kila moja. Dakika kumi kwa kasi ya 200 ni ujumbe 120,000, na idadi hiyo inatosha kufichua udhaifu wa kawaida. Kisha mfumo uharibiwe kwa makusudi: kebo ichomolewe na kurudishwa, kompyuta ipewe kazi nyingine nzito, skripti ianzishwe upimaji ukiwa unaendelea. Swali si kama ujumbe utapotea, kwa sababu utapotea. Swali ni kama skripti itasema kweli kuhusu upotevu huo.

Pengo likigunduliwa, lisizibwe kwa wastani wa majirani zake. Neno ambalo vipimo vyake vina pengo ndani ya nazali liondolewe katika hesabu, na idadi ya maneno yaliyoondolewa itajwe katika ripoti pamoja na idadi ya yaliyobaki.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba udhaifu wa mawasiliano ya mfuatano hautokani na bei ya chombo, bali na kutokuwapo kwa makubaliano. Kikomo, nambari, wakati, uhakiki na ufunguzi wa mazungumzo havigharimu fedha, na kwa pamoja havizidi kurasa mbili za programu. Idara isiyo na uwezo wa kununua maabara huweza kuwa na vipimo vinavyojibu swali la mbwa na mbuzi, mradi vipimo hivyo viwe vya namna ambayo mtafiti mwingine anaweza kuvikagua. Kinachowezesha ukaguzi huo ni faili dogo la ujumbe uliokataliwa. Mtafiti anayelihifadhi na kulitoa pamoja na matokeo yake atakuwa amempa msomaji njia ya kupima kiasi cha kumwamini.